Mke Wangu Akikaa, Muziki Unakatika

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na naomba pia usinicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu wote niliowaeleza jambo hili walianza kucheka nikiwa katikati na hakuna hata mmoja aliyenisikiliza mpaka pale panaponiuma.

Mimi ni fundi wa makochi. Nina karakana yangu, nina umri wa kutosha kuitwa mzee na watu wenye mvi zao, nina kitambi ambacho mke wangu hukiita mto wa ziada, na kazini wananiita Springi kwa sababu hakuna springi ya kochi iliyowahi kunishinda. Mke wangu ndiye anayeshona vifuniko vya makochi hayo hayo, cherehani yake iko upande wa dirishani na meza yangu iko upande wa mlangoni, tumekaa hivyo tangu mtoto wetu wa kwanza alipokuwa analala kwenye sanduku la mabaki ya sponji, na kwa kweli sisi si watu wa kugombana, maana tuna mkasi mmoja mzuri tu na huo ndio tunaougombania, mengine yote hayana nafasi.

Sasa, kitinda mimba wetu alipoondoka nyumbani kwenda kujitegemea, nilimwambia mama watoto kwamba tumebeba watoto, tumebeba mbao, tumebeba na makochi ya watu, umefika wakati wa kubebana sisi wawili, nikaliuza lile gari letu la mizigo nikanunua kigari cha spoti, cha milango miwili na viti viwili, chekundu, kifupi kama kiatu, paa lake ni la turubai na ukitaka upepo unalikunja linaingia kwenye buti. Mama alicheka mpaka akatafuta pa kushika, akasema nimenunua ndara yenye injini, lakini alipanda, akajifunga kitambaa kichwani kwa sababu ya upepo, tukazunguka mjini bila sababu yoyote, na mshauri sitakudanganya, siku ile nilijiona kijana, hata nilipokwama kutoka na mama akanivuta kwa mikono miwili bado nilijiona kijana.

Ubaya wa paa la turubai ni kelele, lori likikupita unadhani limepita ndani, na ile redio iliyokuja na gari ilikuwa na sauti ya mtu anayeimba akiwa ndani ya ndoo, kwa hiyo nikaenda kwa fundi redio, huyu anayefunga muziki kwenye magari, mtu mmoja ambaye hajawahi kumpinga mteja tangu azaliwe, ukimwambia hii ni nyeupe anasema nyeupe mzee, ukimwambia hapana ni nyeusi anasema ndiyo mzee, nyeusi iliyopauka. Akaniambia gari dogo linataka amplifaya ndogo, akanionyesha moja yenye ukubwa wa kamusi ya shule, na akaiunganisha kwa majaribio tukiwa pale pale uani kwake, na mshauri, zile spika kuukuu zilipoamka nilisikia vidole vya mpiga gitaa vikikwaruza nyuzi, nikasikia ngoma kifuani, nikasema hii lazima niende nayo nyumbani.

Shida ikawa iwekwe wapi. Kwenye buti kuna turubai linapokunjwa na kuna tairi la akiba, nyuma ya viti hapapiti hata gazeti, nyuma ya dashibodi kuna joto, kwa hiyo zikabaki nafasi mbili tu, chini ya kiti cha dereva na chini ya kiti cha abiria, na chini ya kiti changu haikuwezekana kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukifumua na kukishusha, bila kukishusha kichwa changu kinagusa turubai na hakuna mtu mwenye akili zake anayeweza kuendesha gari huku kichwa kinasuguliwa na paa. Basi nikatoa futi kamba yangu mfukoni, nikapima uwazi wa chini ya kiti cha abiria, nikakuta amplifaya inaingia na nafasi ya kidole inabaki juu. Ndiyo, mshauri, nimepima mimi, mimi ambaye kila mteja akija karakana humwambia kaa kwanza ndipo nipime, kwa sababu kiti kitupu husema uongo, kina urefu wake na mtu akikaa kina urefu mwingine, nilipima kiti kikiwa kitupu, na fundi redio akasema wewe ndiye bingwa wa viti mzee, nani mwingine apime, akatoboa sakafu akakaza bolti.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Kesho yake asubuhi mama akapanda tuende kazini kama kawaida, na hata hatujafika kwenye kituo cha mafuta muziki ukakatika, taa ndogo nyekundu ikawaka kule chini, nikapiga dashibodi, nikazima nikawasha, kimya. Tulipofika mama akashuka, mimi nikabaki kuegesha, na muziki ukarudi wenyewe, mtamu kuliko jana. Nikasema ni waya. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa, mama akipanda muziki unakufa na mama akishuka muziki unafufuka, mpaka nikaelewa kwamba mtu akikaa pale springi zinashuka zinalalia ile amplifaya, inakosa hewa, inapata joto, na yenyewe imetengenezwa hivyo, ikizidiwa na joto inajizima isije ikaungua.

Hapa ndipo nilipoanza kukosea, nadhani. Nilimwambia mama akae kwa mbele kidogo. Akakaa kwa mbele. Nikamwambia aegemee mlango, akaegemea mlango. Nikamwambia ikifika sehemu nzuri ya wimbo awe anajiinua kidogo kwa kushika dashibodi, akaniangalia, lakini siku ya kwanza alijiinua, na aliposema kwamba kiti kinamchoma nikamwambia kuna watu huko kwenye nchi za baridi wanalipia zaidi ili wapate kiti cha moto. Siku dada yangu alipokuja kututembelea nikamweleza nikicheka kwamba wifi yake ana kasoro moja tu, hajui kukaa, na wote wawili tukacheka, yaani mimi na dada.

Baadaye nilifanya uchunguzi wa kitaalamu. Mama akiwa karakana nilichukua majora mawili ya kitambaa kizito cha makochi, nikayaweka kwenye kile kiti, nikaendesha, na muziki ukakatika vile vile na pale pale, kwa hiyo nikajua si mama, angekaa hata malaika mwembamba bado ungekatika. Lakini hilo la majora sikumwambia, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya dada yangu kwamba ni kukaa kwake, na neno ulilolisema mbele ya dada yako ukilirudisha utalisikia mpaka kwenye mazishi yako, kwa hiyo badala yake nikaamua kutumia ufundi, nikakifumua kile kiti nikaongeza sponji ngumu, ile ya kiti cha mapokezi, ili mtu akikaa asizame. Na kweli hakuzama. Tatizo ni kwamba sasa kichwa chake ndicho kikawa kinagusa turubai, anakaa ameinama shingo kama mtu anayetafuta sindano, tuta likija anapigwa utosini, na siku ya pili yake aliniuliza jambo moja tu, akasema, "Baba, hapa nimekaa au nimewekwa?" Nikamwambia ni kwa muda tu, sponji italainika.

Sponji haikulainika na muziki ulikuwa bado unakatika, ila unachelewa.

Sasa lile lililonileta kwako. Asubuhi moja tunaelekea kazini, redioni wakapiga wimbo wetu, ule uliokuwa unapigwa kila mahali mwaka tuliokutana, sitautaja kwa sababu utajua umri wangu, na mle ndani kuna mahali gitaa linabaki peke yake, ukiwa na spika mbovu hulisikii vizuri, mimi mwenyewe nilikuwa sijalisikia sawasawa maisha yangu yote. Tulikuwa tumefika karibu na mzunguko wa barabara, wimbo unakaribia pale pa gitaa, na ile taa nyekundu nikaiona inaanza kupepesa. Nikasimama pembeni, mbele ya duka la mapazia, nikamwambia mama, kwa upole kabisa mshauri, shuka kidogo, nizunguke mara moja, gitaa likiisha nakupitia.

Alichukua mkoba wake. Alifungua mlango, akajitoa pole pole kwa sababu ya shingo, akainama kwenye dirisha akaniambia, "Nenda, Baba. Wimbo wetu usikilize wewe, mimi nitasimuliwa."

Nikadhani ni utani, sisi tunataniana sana. Nikazunguka, na gitaa lilikuwa tamu, siwezi kukueleza. Kwa kuwa nimeamua kusema kweli, nikazunguka tena mara ya pili, kwa sababu wimbo uliofuata nao ulianza vizuri. Niliporudi mama hakuwepo kando ya barabara, nikamwona kupitia kioo cha duka, ameketi kwenye stuli ndani ya duka la mapazia, anaongea na mama mwenye duka, na amenyoosha shingo.

Nyumbani yupo, usifikiri ameondoka, anapika, anaitikia salamu, ananiuliza kama nimekunywa dawa ya presha. Lakini kwenye gari hapandi tena, anatembea, na wiki iliyofuata walikuja watu wawili na mkokoteni wakachukua cherehani yake, anashona mapazia sasa kule kwenye lile duka, na kabla hajaondoka aliikunja shuka ya kufunikia cherehani, akanipa mkono. Mshauri, mke wangu ameniaga kwa kunipa mkono kama mteja. Kitinda mimba wetu akanipigia simu kuniuliza kama ni kweli nimemshusha mama yake barabarani ili nisikilize gitaa, nikamwambia haikuwa gitaa peke yake, kulikuwa na besi pia, akakata simu.

Cherehani ile ndiyo ilikuwa roho ya karakana. Vifuniko ninavishona mimi, zipu nimeziweka ndani badala ya nje, kuna mteja amerudishiwa kochi akaniuliza kama mle ndani kuna mtu. Bila cherehani ile nitafunga. Na jambo jingine la ajabu, sasa kiti ni kitupu na muziki haukatiki hata kidogo, lakini naufungulia mpaka mwisho na bado nahisi kama kuna kitu kimepungua, nimemweleza fundi redio akasema ni kweli mzee kimepungua, tuongeze amplifaya ya pili, kwa kuwa kile kiti hakina mtu tunaweza hata kukitoa.

Kwa hiyo naomba unishauri: je, niongeze ya pili? Na nifanye nini ili cherehani irudi, pamoja na mama, bila kuing'oa ile iliyopo, kwa sababu sakafu imekwisha kutobolewa? Nimefikiria kumnunulia mama vile vispika vya masikioni vya kwake mwenyewe, na nimefikiria kumtuma dada yangu akazungumze naye. Mimi si mtu mbaya, mshauri, nilitaka kusikia vizuri tu.

Ni mimi,
Springi, fundi wa makochi


Mshauri anajibu:

Ndugu yangu Springi,

Uliniomba nisicheke, na nilijitahidi kiume mpaka pale ulipozunguka mara ya pili. Pale nilivua miwani nikaiweka mezani. Nisamehe. Nami nina kitambi na presha, na gari langu la mwisho lilikuwa la kusukumwa, kwa hiyo usidhani anayekusema amekaa mahali pa juu sana.

Tuanze na yale ambayo hukukosea, maana nayo yapo. Watoto wakiondoka, nyumba inapiga mwangwi, na mtu wa umri wetu hununua kitu chekundu. Wengine hununua vibaya zaidi. Wewe ulinunua kigari na ukamwambia mkeo mpande wawili, na mkeo akafunga kitambaa akapanda. Kutaka muziki mzuri si dhambi. Hata kupima kiti kitupu nakusamehe, ingawa wateja wako wakisoma barua hii sijui utawatazamaje. Mganga hajigangi.

Sasa kaa vizuri, kwa kuwa wewe unajua kukaa.

Kosa lako linaanzia kwenye yale majora mawili. Mpaka siku ile ulikuwa mjinga tu, na ujinga hauvunji nyumba, ungekuwa unavunja tungekuwa sote tunalala nje. Lakini ulipoyabeba majora yale, muziki ukakatika, ulijua. Ulijua si mkeo. Ukayarudisha majora kwenye rafu, ukaenda kumwekea mkeo sponji ya kiti cha mapokezi, ukamwacha aamini kwamba mwili wake ndio unaoua muziki. Na kwa nini? Kwa sababu ulikwisha kusema mbele ya dada. Yaani ulipima aibu yako na shingo ya mkeo, ukaona aibu ndiyo nzito. Kwa fundi wa vipimo, hicho ni kipimo kibaya sana.

Na unasema kichwa chako kikigusa turubai hakuna mwenye akili anayeweza kuvumilia. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako. Halafu aya chache chini yake, kichwa cha mkeo kinagusa turubai, na ushauri wako ni kwamba sponji italainika. Hivi ulipokuwa unaandika, barua hukuisoma?

Kuhusu kiti cha moto, sitasema kitu. Nitakuombea tu siku moja ukalie pasi, halafu mtu akueleze habari za nchi za baridi.

Unashangaa kwamba mama aliondoka karakana. Mimi nashangaa alivyokawia. Ile amplifaya ilipolaliwa ilijizima siku ya kwanza, na ukapiga dashibodi, ukazima ukawasha, ukachunguza kitaalamu. Mkeo amelaliwa siku zote hizo akikaa mbele, akiegemea mlango, akijiinua kwa kushika dashibodi, na alipokuuliza "nimekaa au nimewekwa" hukuona taa yoyote ikiwaka. Ilikuwa inawaka, Springi. Ilikuwa nyekundu kuliko gari lako.

Halafu wimbo. Unasema ni "wimbo wetu." Wewe na nani? Maana unaposikiliza wimbo wenu, mtu wa kusikiliza naye umemwacha kando ya barabara na mkoba, hapo umebaki na gitaa. Na unaniuliza ni kitu gani kimepungua kwenye muziki wako, eti uongeze amplifaya ya pili. Ndugu yangu, hata fundi redio hawezi kukufungia kilichopungua, ingawa nina hakika ukimwomba atasema sawa mzee. Mtu anayekubali kila neno lako si fundi wako, ni mwangwi wako, na mwangwi mnao wa kutosha pale nyumbani. Usirudi kwake.

Nikusahihishe jambo jingine, na hili ndilo lililoniudhi. Barua yako inataka cherehani irudi, "pamoja na mama". Soma tena mpangilio wako. Ukienda na mpangilio huo kwenye duka la mapazia, mama atakuwa amekusoma kabla hujafungua mdomo. Cherehani ni yake, aipeleke anakotaka. Kushona zipu utajifunza au utatafuta mshonaji na umlipe. Kama atataka kubaki kule akishona mapazia mpaka astaafu, ana haki, na wewe utambeba asubuhi umpeleke huko huko na umfungulie mlango. Unachokwenda kuomba ni mtu wa kukaa naye. Cherehani usiitaje hata kwa jina la utani.

Basi fanya hivi, na ufanye mwenyewe, usimtume mtu.

Leo, kabla hujala, toa waya wa betri, fungua zile bolti, ing'oe ile amplifaya. Tundu la sakafuni lizibe, wewe ni fundi, usiniambie habari za tundu. Fumua ile sponji ya mapokezi na ukirudishe kiti kilivyokuwa siku mlipozunguka mjini bila sababu. Ukiona huwezi kuishi bila amplifaya, kiinue tena kiti chako uiweke chini yake, na kichwa chako kipande juu kisuguliwe na turubai. Ukikuta hujali kusuguliwa, basi kweli unapenda muziki, na hongera. Ukikuta unajali, iuze. Viti ni viwili. Kama kuna mmoja lazima ateseke kwa ajili ya besi, awe ndiye anayeitaka besi.

Vispika vya masikioni usinunue. Mtu uliyemwambia ashuke, leo umpelekee chombo cha kusikilizia peke yake? Si zawadi hiyo, ni hati ya talaka yenye waya.

Dada yako usimtume kabisa. Kwa dada yako utakwenda mwenyewe, na utamwambia kwamba wifi yake anajua kukaa vizuri sana, na kwamba wewe ulijua hilo ukanyamaza. Atakucheka mpaka kwenye mazishi yako, kama ulivyosema. Mwache acheke. Mkeo alichekwa akiwa hai na mwenye shingo inayouma.

Ukishatoka kwa dada, nenda kwenye duka la mapazia. Nenda kwa miguu, kile kigari kiache nyumbani, maana mama akisikia injini yake tu utakuwa umeshindwa. Usimvizie nje wala usimwite pembeni. Ulimshusha mbele ya watu, kamwombe radhi mbele ya watu, mama mwenye duka akisikia, mteja akisikia, na mwenye kupimiwa pazia naye asimamishe kupimiwa asikie. Maneno yawe machache. Usieleze habari za hewa na joto. Usiseme "kama nilikukosea." Mwambie ulijaribu kwa majora ukajua si yeye, ukaogopa kuchekwa, ukamwachia yeye mzigo. Halafu nyamaza. Najua kunyamaza hukuzoea, barua yako ina sentensi ndefu kuliko gari lako, lakini siku hiyo jikaze.

Hatakuja siku hiyo. Nakwambia mapema usije ukaniandikia barua nyingine. Mtu aliyekupa mkono wa kukuaga hajakuaga kwa hasira, amekuaga kwa kufikiri, na aliyefikiri anarudi kwa kufikiri. Rudi kesho yake, bado kwa miguu, mtembee pamoja kwenda nyumbani. Fanya hivyo mpaka izoeleke. Usimtajie gari. Kitambi chako kitakushukuru.

Siku atakapokuuliza mwenyewe kile kindara chako kiko wapi, kesho yake kitoe. Mfungulie mlango, umsubiri mpaka akae anavyotaka yeye, mbele, nyuma au kwa ubavu, usitoe maelekezo. Redio iwe imezimwa. Endesha kimya, hata njia nzima. Mkono wake ukienda ukaiwasha, hiyo ndiyo barua yako ya msamaha, na sauti iwe mbovu kama ndoo, usiiguse. Asipoiwasha, endesha.